Kitanda Kilichokatwa Miguu

Dada yangu alishona mapazia ya watu kwa miaka mingi kabla ya kuwa na dirisha lake mwenyewe. Wateja walimwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake, hata msibani. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyetulea sisi wadogo zake. Kitanda kilikuwa kimoja. Sisi tulilala juu, yeye akalala chini. Tulikua, tukaondoka mmoja mmoja, naye akaendelea kulala chini.

Alipomaliza kujenga nyumba yake, vyumba viwili na kibaraza, alikataa fanicha mpya. "Mbao mpya ina kiburi," alisema. "Inapasuka wakati umeshaizoea. Ya zamani imeshanung'unika ikamaliza." Basi akawa anashinda kwenye yadi ya muuza vitu vikuukuu tuliyemwita Chakavu, akigonga makabati kwa kidole, akifungua droo na kuzinusa. Huko ndiko alikokipata kitanda. Mbao yake ilikuwa ngumu na nzito chini ya matabaka ya rangi, ubao wa kichwani umechongwa majani, na miguu mirefu ajabu.

"Hiki kinapandwa kwa ngazi," nilimtania.

"Wewe beba, acha maneno."

Alikikwangua kibarazani kwa kipande cha kioo, kisha msasa, mpaka mishipa ya mbao ikaonekana. Akakipaka mafuta, kikang'aa. Lakini kilipoingia chumbani, ubao wa kichwani uliziba nusu ya dirisha. Mtu aliyevalisha madirisha ya wenzake maisha yake yote hakuweza kuvumilia lake lizibwe. Alipima, akapima tena, akakata miguu kwa msumeno. Mguu mmoja ulienda mshazari, ikabidi aipunguze yote kidogo ili ilingane. Visahani vyembamba vya mbao vilivyotoka kwenye kule kusawazisha alivichoma jikoni. Vipande virefu vinne hakuvitupa; aliviweka chini ya pipa la maji.

Alikuwa ametandika shuka mpya, hajakilalia bado, mwanamume mmoja alipobisha hodi. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa kinyozi, kibanda chake kilikuwa jirani na soko.

"Dada, samahani. Chakavu ndiye aliyenielekeza. Kitanda ulichonunua ni cha mama yangu."

"Kilikuwa," alisema Mama Futi.

"Nilikiuza mimi. Yeye alikuwa hospitali. Nyonga ilivunjika, halafu mapafu nayo yakaingia maji. Madaktari walituambia tujiandae." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikajiandaa. Nilikuwa siwezi kukitazama kile kitanda kikiwa kitupu. Sasa kesho mchana anarudi nyumbani."

Alichungulia juu ya bega la dada, akakiona. "Mbona kimekaa hivyo?"

"Nimekikata miguu."

Kinyozi alishika mwimo wa mlango. Mama yake, alisema, haruhusiwi kukaa mahali pa chini. Akikunja ile nyonga kupita kiasi itachomoka. Kile kitanda alitengenezewa kirefu makusudi, maana nyonga zilimsumbua tangu ujana. "Na akijua nilikiuza, dada, atajua kwamba nilishamzika."

Dada aligeuka kutazama chumbani. Nilijua anatazama nini. Ile shuka ilikuwa bado ina mikunjo ya dukani. Nilitamani akatae. Maneno ya kumsaidia kukataa nilikuwa nayo mdomoni, tena makali.

"Vua shati," alimwambia kinyozi. "Kuna kazi hapa."

Tulikipindua kitanda kama mbuzi wa kuchunwa. Dada alitoboa miguu na vile vipande kwa keekee, akapachika vijiti vya mbao ngumu, akamimina gundi, kisha akafunga kila mguu kwa kamba na kuikaza kwa kijiti. Alichanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba maungio. Mikono ya kinyozi ilikuwa inatetemeka.

"Wewe huwakati wateja masikio?" dada alimuuliza.

"Bado hawajalalamika." Hakucheka. "Hii gundi inataka muda gani?"

"Zaidi ya ule tulio nao."

"Na ikiwahiwa?"

"Itangoja mtu akae, ndipo itajibu."

Kinyozi alikuwa ameshapanga uongo wake. Angesema alileta kitanda kwa fundi kifanywe kipya, iwe zawadi ya mama kupona. Dada alitikisa kichwa. "Kushona najua. Kudanganya sijui."

"Wewe nyamaza tu. Mimi nitasema."

Kesho yake tulikipeleka kwa mkokoteni. Dada alitembea pembeni, mkono wake ukiwa juu ya mguu mmoja kama anayemsindikiza mgonjwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekiweka mahali pake, tumefungua kamba, gari liliposimama nje.

Mama wa kinyozi alikuwa mdogo wa mwili, mwenye sauti kubwa. Aliingia kwa fimbo, mwanawe amemshika kiuno.

"Hawa ni nani?"

"Mafundi, mama. Nilitaka ukikute kitanda chako kikiwa kipya."

Alikizunguka kwa macho. "Kimevuliwa nguo," alisema, akapapasa yale majani ya kuchonga. Kisha akageuka kinyumenyume, kama alivyofundishwa hospitali, akaanza kujishusha. Dada alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili. Mguu wa mbele wa kitanda ulilia. Tulingoja. Haukuachia.

Mama alikaa, akatazama miguu yake. Alisogeza visigino mbele, akavirudisha.

"Hospitali wamenirefusha miguu?"

Kinyozi alicheka, peke yake.

"Nimekaa hapa tangu sijakuzaa wewe. Visigino vyangu havijawahi kugusa sakafu." Alishusha fimbo, akakwaruza nayo mguu wa kitanda polepole kutoka juu, mpaka ncha ikakwama kwenye ungio. "Kilikatwa hiki."

"Mama, fundi alikuwa anarekebisha..."

"Sijakuuliza wewe. Binti, ni wewe uliyekikata?"

"Ndiyo, mama," alijibu dada.

"Alikwambia ni cha mgonjwa wa nyonga?"

Kinyozi alimtazama dada. Sijawahi kuona mtu akiomba kwa macho namna ile.

"Hakuniambia," alisema dada.

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Mtu hakati miguu ya kitanda cha mgonjwa anayemngoja arudi."

Huko nje dereva aliwasha gari, akaondoka.

"Mama, walisema..." Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta.

"Najua walichosema. Walikisemea kichwani pangu, wakidhani nimelala. Njoo ukae hapa."

"Hakitatubeba wawili. Gundi haijakauka."

"Njoo ukae."

Alikaa ukingoni, uzito wote kauacha kwenye nyayo zake. Mama alimvuta bega. Alipojiachia, kitanda kilitoa mlio mrefu, na dada akapiga hatua moja mbele, mikono wazi, kana kwamba angeweza kukidaka. Kilibaki kimesimama.

Mama aliweka kiganja kwenye kisogo cha mwanawe. Hakumtazama, wala hakusema amemsamehe. Alimshika tu pale, kwa nguvu, na mabega ya kinyozi yakaanza kutikisika bila sauti.

Tulipokuwa tunajiandaa kutoka, mama aliinua macho.

"Na wewe, binti yangu," alimwambia dada, "leo utalala wapi?"

Dada aliinama akaanza kuokota kamba zetu sakafuni, moja baada ya nyingine, akizikunja vizuri kuliko zilivyohitaji kukunjwa.

"Pa kulala papo, mama," alisema.