Nyani wa Bati

Namshukuru Mungu kwa mengi, na hao nyani wa bati wamo.

Miaka ya Ujamaa kijiji chetu, huku milimani juu ya Hedaru, kilikuwa na shamba moja kubwa la mahindi, na nyani walilipenda kuliko sisi. Mimi nilisimamia zamu za ulinzi. Kila aliyefikiwa na zamu aliumwa tumbo.

Basi nikabuni mchezo: nikachukua gurudumu na pedali za baiskeli mbovu, nikakata madebe kwa umbo la nyani, nikawafunga kwenye mpira mrefu unaozunguka. Mmoja akikanyaga pedali, nyani wanashuka kwa safu; mwenzake anawapiga kwa manati kabla hawajafikia hindi lililoning'inia chini.

Matumbo yote yakapona. Watu waligombea zamu! Na kwa mlio wa madebe na vicheko, nyani wa kweli wakakaa mbali.

Mwenyekiti wa kijiji hakupendezwa. "Ulinzi si ngoma. Hindi likiliwa, hili dude nalichoma."

Akamleta mchungaji aje kulikemea.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Nipe hiyo manati. Siwezi kukemea nisichokijua."

Nikakanyaga pedali. Akapiga, akakosa. Akapiga tena, jiwe likaenda zake. Kwetu mchungaji akikosa, watu hutazama vidole vya miguu yao. Hakuna aliyecheka wala kukohoa, na madebe nayo yalikuwa kimya.

"Zungusha polepole, mwanangu. Wana haraka hawa."

"Nimeshasimamisha, Mchungaji."

Akakosa tena.

Ndipo mama mmoja akapiga yowe kutoka upande wa pili: "Jamani, nyani!" Tukageuka. Kundi zima lilikuwa limeketi ndani ya mahindi, likitafuna kwa utulivu kama wageni wa arusi.

Tulipokwisha kuwafukuza, pembe nzima ya shamba ilikuwa magunzi. Mwenyekiti akatoa kiberiti. "Nilisema nini mimi?"

Mchungaji, manati bado mkononi, akamshika mkono.

"Weka kiberiti, Mwenyekiti. Siku zote mlipocheka, nyani hawakuja. Leo mmeniheshimu, wamekuja. Kuanzia sasa, mtu akikosa, achekwe kwa nguvu. Hata mimi."

Apumzike kwa amani. Alirudi kila wiki, akakosa kila wiki, nasi tulimcheka kwa utii wote. Mavuno yale tuliyatolea shukrani kanisani, na nyani wakahamia bonde la jirani.