Joto la Chumvi

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni hiki: mtu akiapia jambo lisilo kweli, naye anaamini ni kweli, kisha mimi ninayejua nikanyamaza, kiapo kinamkalia nani, yeye au mimi? Nililigeuza swali hili upande huu na upande ule kama chapati isiyotaka kuiva.

Aliyeapa ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza chumvi kwenye majaruba, vile vibwawa vya kukaushia maji ya bahari, yaliyo nje kidogo ya Wete. Alichokiapia ni chumvi yenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka mmoja wa Wete, anayeuzia mikahawa, alikuja majaruba akaipenda chumvi yetu. Akaichota, akaionja, akasema ni nyeupe kuliko ile ya pakiti inayotoka bara. Akataka magunia yawe tayari Alhamisi, na akasema mambo yakienda vizuri atakuwa anachukua kila mara. Kikundi hakijawahi kupata mnunuzi wa namna hiyo. Mpaka siku ile chumvi yao ilikuwa ikiuzwa kwa kopo, pembeni mwa soko. Alipokwisha kupanda pikipiki yake akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Lakini ina madini joto?"

"Joto?" Mama mdogo akacheka. "Chumvi hino inashinda juani kutwa! Wallahi joto linayo. Ukitaka, tia mkono."

Mwenye duka hakutia mkono. Alisikia wallahi, akaridhika, akawasha pikipiki. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale, nakokota chumvi kwa reki, nikacheka pamoja na wengine. Nilidhani ni mzaha. Jioni, tulipokuwa tukirudi, ndipo nilipowasikia wakisifiana: "Kumbe hata Wete wameshajua kuwa chumvi yetu ina joto." Kicheko kikanikauka mdomoni.

Madini joto hayana uhusiano wowote na moto wala jua. Ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno, na ukiyakosa shingo huvimba, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa akiwa mzito wa kufahamu. Kwa kuwa kila nyumba hula chumvi, madini hayo hutiwa kwenye chumvi. Sijui aliyeyapa jina hilo alikuwa amekaa wapi, lakini hakuwa amekaa kwenye majaruba.

Kwa sababu kwenye majaruba joto ndiyo kazi yote. Maji ya bahari yanaingia wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yanafungiwa, yanahamishwa kutoka jaruba moja kwenda jingine, na katika kila jaruba jua linayapunguza na kuyakoleza, mpaka la mwisho linapoanza kung'aa chini kama vigae vya chupa vilivyosagwa. Wapo watu wengine huko pwani wanaochemsha maji ya chumvi kwenye mapipa kwa kuni za mikoko. Chumvi hupatikana upesi, lakini mikoko inarudi nyuma kila mwaka, na ikirudi nyuma, kaa na kamba wanaondoka nayo. Akina mama wa kikundi chetu walikataa kukata hata fito. Chumvi yao ni ya jua tupu, na wanaionea fahari. Kwa hiyo mtu wa mjini alipouliza kama ina joto, walisikia sifa.

Nami nimesomea miamba na madini. Niliporudi nyumbani na shahada, jirani mmoja aliniuliza dhahabu iko upande gani wa Pemba ili aanze kuchimba mapema kabla ya wengine. Wenzangu niliosoma nao wamekwenda kwenye migodi ya bara. Mimi natuma maombi ya kazi na kungoja, na nikingoja nakwenda majaruba kusaidia. Huko wananiita Bi Madini. Jina lenyewe lilitosha kunitia wasiwasi: Bi Madini, anayejua madini, amesimama pale pale madini yanapoapiwa uongo, anacheka.

Nilijaribu kwanza kujishuku mwenyewe. Labda chumvi ya bahari ina madini hayo tayari. Si inatoka baharini? Lakini nilikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia, kilichobaki tangu nilipokuwa nikijitolea kwenye kituo cha afya. Unadondosha tone kwenye chumvi. Ikiwa na madini joto inageuka rangi ya zambarau. Nikadondosha kwenye chumvi yetu. Ikabaki nyeupe kama kanzu ya Idi. Nikasema dawa imeharibika. Nikadondosha kwenye chumvi ya pakiti iliyokuwa jikoni. Zambarau. Nikarudia chumvi yetu. Nyeupe.

Mama akaingia akanikuta nimepanga vijilima vya chumvi kwenye sinia.

"Unafanya nini na chumvi yangu?"

"Napima."

"Inapimwa kwa ulimi, mwanangu. Osha hiyo sinia."

Baada ya hapo nikawaza yote yanayowezekana kuwazwa. Nikisema, mama mdogo ataonekana ameapa uongo mbele ya wenzake, na wao walimchagua kwa sababu hana maneno mawili. Nisiposema, chumvi itakwenda, siku moja mtu wa afya ataipima dukani, na mwenye duka ataudhika kweli kweli. Hatanunua tena, na jina la kikundi litaharibika Wete nzima. Nikawaza nimpigie mwenye duka kwa siri. Nikawaza nipate unga wa madini joto, niende majaruba watu wakiwa wamekwenda kula, nitie peke yangu, nisimwambie mtu. Hili la mwisho nililipangia mpaka nguo nitakazovaa. Kisha nikakumbuka kuwa lile rundo la chumvi linanifika kifuani, na kwamba mimi nikibeba ndoo mbili tu huhema kama mbuzi aliyekimbizwa.

Nilimwuliza hata shehe wetu wa mtaani, kwa kuzunguka, eti nina rafiki. Shehe akaniambia mwenye kuapa huku akiamini anachosema hana lawama. Kisha akaongeza: "Ila mwambie huyo rafiki yako, anayejua asikae kimya." Akaniangalia. Nikaona aibu, nikamwamkia mara ya pili.

Siku moja kabla ya Alhamisi nilifika majaruba asubuhi. Akina mama walikuwa wameshaanza kuitia chumvi kwenye magunia, na mama mdogo ameshika sindano ya kushonea, kubwa kama kidole. Gunia la kwanza lilikuwa limejaa. Nilijua likishonwa nitasema "basi tena", na nikisema hivyo nitaliwazia hilo gunia mpaka nizeeke. Nikaamua.

"Mama mdogo, shikamoo. Usilishone."

"Marahaba. Kwa nini, limetoboka?"

"Hapana. Chumvi haina madini joto."

Wote wakaacha kazi. Mwenzao mmoja, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, akaweka mkono ndani ya gunia.

"Haina? Mbona mie naungua?"

"Si joto la jua, bibi. Ni jina tu la madini. Yanatiwa kwenye chumvi, hayatoki kwenye jua. Tena jua na unyevu vinayaondoa."

"Ah! Kwa hiyo madini joto yanaogopa joto?"

"Ndiyo."

"Na weye ndo umekwenda chuo miaka yote hiyo kusomea kitu chenye jina la uongo?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia mama mdogo. Yeye alikuwa bado ameshika sindano, uzi unaning'inia.

"Na bahari?" akauliza taratibu. "Bahari nayo haina?"

"Inayo kidogo sana. Samaki wanayo, na mwani unayo zaidi. Lakini chumvi ikiganda haibaki nayo ya kutosha."

"Mwani!" akapiga kelele yule mwenye ulimi. "Miaka yote ule mwani tunauuza kavu, kumbe ndio ulioyabeba!"

Nikatoa kichupa, nikadondosha tone. Wakainama wote, vichwa vikagongana. Nyeupe. Nikatoa chumvi ya pakiti niliyoifunga kwenye kipande cha gazeti. Zambarau. Mama mdogo akatazama kwa muda mrefu.

"Niliapa," akasema.

Nikaanza kusema maneno ya shehe, nikayachanganya, nikayaanza upya. Akanikatiza.

"Niliapa ina joto, na joto nililoliapia mie limo. Tia mkono. Hilo lako ni jengine, na hilo jengine sijaliapia." Wenzake wakaitikia kuwa ni kweli, wallahi ni kweli. "Lakini yule bwana hakuuliza langu. Aliuliza hilo lako. Sasa hatuuzi chumvi kwa kufahamiana vibaya."

Akaichomeka sindano kwenye gunia tupu, akatoa simu kifuani, akapiga. Ilipoita tu akaniwekea sikioni.

"Mweleze mwenyewe. Mie nitasema joto tena."

Hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa tangu mwanzo, kuliko hata mama mdogo. Sauti ya mwenye duka ikasema hallo mara mbili. Nilimsalimu, nikamuuliza hali, nikamuuliza na hali ya nyumbani kwake, mpaka mama mdogo akanifinya. Nikasema: "Chumvi yetu ni safi, lakini haina madini joto. Tulifahamiana vibaya. Kesho hatuleti. Unga wa kutia naujua unapopatikana hapo Wete, tutautia kivulini, nitapima kila gunia mwenyewe, ndipo tulete."

Mwenye duka akauliza mimi ni nani.

"Ni wa hapa majaruba," nikasema. "Nashughulika na madini."

"Haya," akasema, na nilisikia kuwa anatabasamu. "Leteni ikiwa tayari. Mimi nangoja."

Nikamrudishia mama mdogo simu yake, nikavaa viatu, nikaelekea Wete kufuata unga.