Msusi Aliyechagua Lugha kwa Machozi ya Mteja

Saa tatu asubuhi, vidole vyake vinagawa nywele za mteja kwa kitana chenye mkia, huku midomo ikicheza. Asiyemjua atadhani anasali. Kumbe anafuatisha somo la Kifaransa linalomwingia kwa spika ya simu iliyo kwenye sikio la kushoto. La kulia ni la wateja. Umbea nao una haki yake.

Saluni nzima humwita Vidole. Amesuka miaka kumi na minne, na mwaka huu aliamua kujifunza lugha ya kigeni. Moja tu.

"Nikishika tatu, zote zitaniponyoka," anasema.

Nyumbani kila mtu alivutia kwake. Mumewe, fundi wa friji, alitaka Kichina. "Vipuri vyote vinatoka huko, mama watoto. Hela iko huko." Wifi yake alishikilia Kiarabu. Binti yake alimsihi asome Kikorea, amtafsirie tamthilia.

"Nikamuuliza, kwani mwanafunzi humu ndani ni nani?"

Nusura achukue Kichina. Ndipo akaja mama mmoja, mgeni mtaani, asiyejua ila Kifaransa. Alikaa kimya tangu asubuhi, akiitikia kila kitu kwa kichwa. Vidole akafurahi kupata mteja mtulivu, akazidi kukaza rasta ili zidumu. Alipoinua macho kwenye kioo, akaona machozi.

"Kumbe anaumia muda wote, hana neno la kuniambia. Na mimi namchekea kiooni! Niliona aibu jamani. Nikafumua zote, na mimi nikalia."

Mama yule akaondoka na kitambaa kichwani, asionekane tena saluni.

"Kichina kina hela, sikatai. Lakini mtu akiketi hapa, kichwa chake kiko mikononi mwangu. Lazima aweze kuniambia basi, inatosha."

Akaanza na maneno mawili: inauma, na nilegeze. Aliyafanyia mazoezi kwa mumewe mpaka mume akachoka. "Hata nikinywa chai naulizwa kama inauma," fundi analalamika, akicheka.

Wiki iliyopita mama yule alipita nje, akaongeza mwendo. Vidole akamkimbilia, kitana mkononi, akamwomba radhi kwa Kifaransa cha kuungaunga. Leo ndiye aliyeketi kitini.

Vidole ana mpango wa kufungua saluni yake mwenyewe. "Ndogo tu. Ila asiwepo mtu wa kuumia kimya."

Anavuta rasta ya kwanza, anauliza kwa Kifaransa kama inauma. Mama anamtazama kiooni, anatafuta maneno, kisha anajibu kwa Kiswahili.

"Kidogo, dada. Legeza hapa."