Herufi A Ilipogoma

Soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi wa kahawa Mbinga, nilipata kazi ya kuchapa katika ofisi ya mmoja wao. Walipoagiza kompyuta mpya, ile ya zamani wakaniachia niende nayo nyumbani. Skrini yake ilikuwa nene kama sanduku, kibodi kimegeuka rangi ya njano, na kipanya kilikuwa cha aina ile ya zamani, chenye goroli tumboni.

Mwaka huohuo baba alipata kiharusi kule kwetu Lituhi, kando ya ziwa. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, maneno hayatoki. Nikawachukua yeye na mama waje kukaa kwangu mjini, wawe karibu na hospitali.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu. Akili yake ilikuwa timamu, alielewa kila tulichosema, ila hakuweza kujibu. Nilimpa kalamu akajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Yeye aliyekuwa na mwandiko wa kusifiwa na kila mzazi, alitazama ile mikwaruzo, akaikunja karatasi na kugeukia ukutani. Hakushika kalamu tena.

Mama naye hakutulia. Alifua, akachota maji, akamgeuza, akamkanda mkono kwa maji ya moto, akarudi jikoni. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Nikipumzika nitaanza kufikiri, mwanangu. Niache."

Jumamosi moja mchana, umeme ulipokuwepo, nikamsogeza baba mbele ya kompyuta.

"Baba, hapa huhitaji mwandiko," nilimwambia. "Bonyeza tu herufi, kwa kidole kimoja."

Akanitazama kwanza, kama anayepima kama namdhihaki. Kisha akainua kidole cha kushoto, akaanza kutafuta herufi. Kwenye skrini ikatokea k. Ikaja k nyingine. Kisha k, k, k.

Nikajua k imeng'ang'ania. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa kibodi, nikapuliza pini zake na kuurudisha, kwa sababu kompyuta zile ukichomoa kibodi zikiwa zimewaka hazikitambui tena mpaka uziwashe upya. Baba akabonyeza. K. Nikaing'oa ile k kwa ncha ya kisu, nikafuta chini yake, nikairudisha. K tena, mstari mzima.

"Labda imekufa," nilisema. "Pole, baba."

Akapiga meza kwa kiganja. Macho yamejaa machozi. Akaanza tena, taratibu, na safari hii sikuangalia skrini, niliangalia kidole chake. Kikagusa k. Kikavuka kwenda upande wa pili wa kibodi, kikabonyeza a. Kikabonyeza a tena. Kikarudi kwenye k.

K ilikuwa nzima. Iliyokufa ilikuwa a.

"Kaa?" nikamuuliza. "Baba, unasema kaa?"

Akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, akanyoosha kidole mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale na beseni la nguo mikononi.

"Mama," nikasema, "baba anataka ukae."

"Nikae, na nguo hizi zitaanikwa na nani?"

Baba hakushusha kidole. Mama akamtazama, akaniangalia mimi, akaliweka beseni chini. Akaja akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike kumwona mama amekaa bila kazi mkononi. Baba akamwekea ule mkono mzima gotini. Mama akajifunika uso kwa khanga, akalia. Nikachukua beseni, nikaenda kuanika nguo.

Jumatatu nikaazima bisibisi ndogo kazini. Kiswahili bila a hakiendi popote. Hata jina la mama huwezi kuliandika. Nikakigeuza kibodi, nikafungua skrubu zote na kuzitia kwenye kisosi. Ndani mlikuwa na karatasi za plastiki zilizopakwa mistari, na mahali pa a palikuwa na doa la kunata, chai ya sukari aliyoimwaga mtu ofisini zamani. Nikalifuta kwa pamba na spiriti, polepole, nikihofia kuufuta na mstari wenyewe. Baba alikaa karibu, ameshika kile kisosi nisipoteze skrubu.

Ilipowaka, akabonyeza a. Ikatokea. Akaijaza mstari mzima, akacheka kwa sauti ya kukwama kooni. Kisha akaandika, kwa muda mrefu, huku mama akisubiri: umekonda mke wangu. pumzika.

"Na wewe umezeeka," mama akamjibu. Wote wawili wakacheka.

Kipanya kilikuwa na ugonjwa wake. Kishale kilikwenda kushoto na kulia tu, juu hakipandi. Nikatoa goroli, nikakwangua kwa kijiti cha kiberiti uchafu uliojizungusha kwenye vigurudumu vya ndani, kikapona. Nikabadilisha na vitufe vyake vimfae mtu wa mkono wa kushoto. Baada ya hapo baba akawa mcheza karata hodari kwenye kompyuta, na mama akiketi kando kumwonyesha anapokosea.

Maneno yalimrudia kidogokidogo, mazito lakini ya kueleweka. Wakarudi ziwani mvua zilipokatika, kwa sababu alishachoka kula usipa mkavu wa sokoni badala ya samaki wabichi wa kwao. Kompyuta ilibaki kwangu. Kwao hapakuwa na umeme.

Aliishi miaka kadhaa baadaye. Tulipomaliza kumzika, mama aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Katika ndoa yao yote baba alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani. Maneno yake aliyamalizia darasani. Ila ile miezi ya Mbinga, alipokuwa hawezi kusema, kila siku alimwandikia kitu.

"Alinieleza hata siku aliyoniona mara ya kwanza," mama alisema. "Nilikuwa nimevaa gauni gani, nimebeba nini. Mimi mwenyewe nilishasahau."

Nilimwuliza ni gauni gani. Akatabasamu, hakuniambia.