Nilivyofunga ndoa kwa sauti ya kisomo pale Kizota

Wakuu, na wajukuu zangu mliojaa humu, amani iwe kwenu nyote. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na nimetia udhu kabla ya kushika simu, kwa hiyo chumvi sijaongeza.

Juzi kuna member aliuliza humu: ukikutana na wewe wa ujanani, utamwambia nini? Nusu yenu mkajibu, "Nunua viwanja Dodoma." Nimecheka sana.

Ushauri ni mzuri, ila mimi wa wakati ule nisingeweza kununua kiwanja. Ningekwama kwenye neno "mpaka".

Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi M ndiyo adui yangu mkubwa.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaanza kuuza mahindi, nami nilikwenda soko la Kibaigwa kuwa dalali. Dalali mwenye kigugumizi, wakuu! Nikianza tu "shilingi m-m-m...", lori limeshafika Gairo.

Dukani kwetu Kizota, Dodoma, nako balaa. Nabeba chupa yangu tupu, naenda kununua mafuta ya taa. M inakwama, watu nyuma yangu wanaguna, naomba sabuni, narudi. Nilikuwa na sabuni za kuoshea treni nzima, na nalala gizani.

Mahali pamoja tu ulimi ulifunguka: kwenye Qur'ani. Nikisoma kwa kuvuta sauti, hata M inapita kama maji. (Wataalamu mliomo humu mtueleze sababu. Mimi nasema alhamdulillah.) Sheikh wetu pale Kizota akawa ananipa nafasi ya kusoma kabla ya darsa.

Hapo ndipo aliponisikia Mwanaidi, binti wa Mzee Salum mwenye duka jirani na msikiti. Posa ilipopelekwa, akakubali.

Nilifurahi siku moja. Siku ya pili hofu ikaniingia: huyu ananijua kwa kisomo tu! Nikaona namuuzia mtu gunia, juu mahindi, chini pumba.

Na mnajua ndoa zetu: bwana harusi lazima atamke kwamba amekubali, mashahidi wasikie. Nikamwomba kaka yangu Ramadhani awe wakili, akubali kwa niaba yangu. Sheria inaruhusu. Asiyeruhusu ni Mzee Salum.

"Leo kaka akukubalie mke," aliniambia. "Kesho mkigombana, tumwite tena aje akugombee?"

Basi kaka akaniletea dawa aliyoipata kwa wakulima wa zabibu: weka zabibu mbichi chini ya ulimi, ulimi utatulia. Nikaamini. Mwenye shida haulizi.

Siku ikafika. Msikiti umejaa. Mzee Salum akanishika mkono, akaniozesha binti yake, zamu ikawa yangu. Mbele ya mdomo kuna kipaza sauti, kipya kabisa, na akina mama nyumbani kwa bibi harusi wanasikia kila kitu.

"Nimekubali kumuoa M... M... M..."



Nyuma mtu akanong'ona, "Kasahau jina?"

Mwenzake akajibu, "Labda bado anachagua."

Nikaisukuma tena ile M kwa nguvu. Zabibu ikateleza kooni. Nikakohoa kwenye kile kipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

Ndipo Mzee Salum akanibana mkono, akaniinamia. "Mwanangu, hatuna haraka. Soma tu kama unavyosoma."

Nikafumba macho, nikavuta sauti: "Nimekubaaali kumuoa Mwanaaaidi binti Saluuum, kwa mahari tuliyokubaliaaana..."

Sikukwama hata mara moja. Babu mmoja kwenye safu ya mbele, aliyekuwa akisinzia, akaitikia kwa nguvu, "Amiiin!"

Msikiti mzima ukaangua kicheko. Sheikh alijifunika uso kwa kilemba. Alipopata pumzi akasema, "Ndoa imesihi. Na sauti si mbaya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nilipoingizwa kwa bibi harusi, salamu yangu ya kwanza ilikuwa kuomba radhi.

"Nisamehe. Nilikuficha."

"Ulinificha nini?" akasema Mwanaidi. "Mara tatu nimekuona nikiwa nyuma ya pazia la duka la baba. Unakuja na chupa tupu, unaondoka na chupa tupu na sabuni. Nikasema, huyu kwake giza, lakini msafi."

Akafungua sanduku lake. Juu ya khanga zote alikuwa ameweka chupa ya mafuta ya taa, imejaa mpaka shingoni.

Wakuu, nililia. Na taa tuliiwasha.

Kwa hiyo yule kijana nikikutana naye leo, nitakaa naye mkekani nimwambie: tema hiyo zabibu, mwanangu. Aliyekuumba hakukosea ulimi, amekupa wenye mwendo wake. Na unayemficha kasoro yako ameshaiona kitambo, na bado yupo.

Viwanja nitamtajia baadaye, tukibakiwa na muda.

Haya, nanyi semeni: ujanani mlikuwa mnaficha nini, na nani alikuwa anajua siku zote? Nitamjibu kila mmoja, polepole. Mwanaidi yuko hapa pembeni anasoma, anasema umeme tunao siku hizi, lakini ile chupa hajaitupa.