Alama Iliyofutwa kwa Kiatu

Harufu ya udongo wa kichuguu uliolowa maji ndiyo harufu ya utoto wangu. Kila kiangazi baba yangu aliazima mkokoteni, akaenda njia ya Michenga kubomoa kichuguu, akarudi na udongo wake kuumwaga kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu ya Kibaoni, pale Ifakara. Tuliutwanga, tukauchekecha, tukaumwagilia, kisha baba akavuta pipa lililojaa mchanga juu yake mpaka ukalala sawasawa. Majirani walidhani tunatengeneza sehemu ya kuanikia mpunga, na wengine waliuliza kama wanaweza kuleta wa kwao. Baba aliwajibu kwamba ule ni uwanja wa tenisi, nao wakaondoka wakicheka. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha sukari, na huko ndiko alikojifunza mchezo, akaichezea timu ya kiwanda hadi goti lilipomgomea. Aliporudi Ifakara alitaka jambo moja tu: mimi Redempta, binti yake wa pekee, nifike mbali kuliko alipofika yeye.

Uwanja wa kichuguu haufichi kitu. Mpira ukigusa chini unaacha alama ndogo ya mviringo, na mkibishana mnakwenda kuitazama. Baba alinifundisha kusoma alama hizo kabla sijaweza kushika raketi vizuri. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na somo lingine lililotangulia tenisi, nalo ni heshima. Mtoto asiyesalimia wakubwa alisemwa mtaa mzima, na mama yake akasemwa zaidi. Kwa hiyo baba aliiingiza salamu ndani ya mchezo wenyewe: mechi ikiisha, kabla hujafurahi, kabla hujamshika mwenzako mkono, nenda kwa mwamuzi, piga goti, sema shikamoo. Nilifanya hivyo siku zote bila kufikiri.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karibu kumaliza darasa la saba. Kilichonisubiri baada ya hapo ni jembe na kufukuza ndege kwenye mpunga. Ndipo ikaja habari kwamba klabu moja ya huko mashamba ya miwa itachezesha watoto, na mshindi atapelekwa Dar es Salaam, kwenye kambi ya kuchagua vijana. Mwenyekiti wa klabu hiyo aliitwa Bwana Mdoe, mtu wa suruali nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vya kahawia vinavyong'aa. Binti yake, Jeni, alikuwa anacheza, na mwamuzi alikuwa Bwana Mdoe mwenyewe. Hakuna aliyehoji, maana ndiye aliyekuwa anaamua mechi zote za pale.

Siku ya mwisho tulibaki mimi na Jeni. Mashambani walikuwa wanachoma miwa kabla ya kuivuna, na masizi yalitudondokea vichwani tukicheza. Nilihitaji pointi moja tu nishinde. Niliupiga mpira kwenye kona, ukatua juu ya mstari, chokaa ikaruka. Jeni mwenyewe aliteremsha raketi. Bwana Mdoe alikuwa ameshashuka kwenye kiti chake kirefu na anatembea kuelekea kwenye kona ile. Nami nikafanya nilivyofundishwa: nikaiacha alama yangu, nikamkimbilia, nikapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kusimama. Akafika kwenye alama, akaweka soli ya kiatu juu yake, akaiburuta. "Imetoka. Endeleeni."

Baba alipiga kelele kutoka nje ya uzio. "Mwenyekiti, alama ilikuwepo hapo!"

"Alama gani?" akauliza Bwana Mdoe, amesimama palepale. "Njoo unionyeshe."

Baada ya hapo sikupata pointi nyingine. Jeni akaenda Dar es Salaam. Kwenye treni ya kurudi baba hakunigombeza. Tulipokaribia Ifakara ndipo akasema, "Kosa ni langu. Nilikufundisha kusalimia, sikukufundisha kulinda chako." Alifariki miaka mingi baadaye, na sauti ile ya kwenye treni bado ninayo.

Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Nilichora kiatu kwa mkaa kwenye ukuta wa mashine ya kukobolea mpunga, na kiangazi kizima nilikipiga kwa mpira mpaka mchoro ukafutika, nikauchora upya. Padri aliponiambia nisamehe nilisema ndiyo, Padri, kisha nikarudi ukutani. Watu husema chuki inamchosha mtu. Mimi ilinitoa kitandani alfajiri wakati wenzangu wamelala. Mwaka uliofuata nilikutana na Jeni kwenye mashindano ya Morogoro, nikamfunga bila kumwachia hata gemu moja, na baba yake sikumsalimia. Mama alilia kwa aibu. Mimi nilikula chakula changu vizuri sana jioni ile. Kambini nikafika, na kutoka hapo nikaishi kwa raketi, Nairobi, Kampala, Lusaka, mpaka bega lilipokataa nami nikarudi nyumbani kufundisha.

Siku hizi watoto wana raketi nyepesi na viatu vya kuchezea, na wazazi wananishauri nimwage saruji niache kuhangaika na vichuguu kila mwaka. Nakataa, na sababu yangu hawaijui. Mwaka jana aliingia uwanjani kwangu mzee mwenye mkongojo, amemshika mkono Salome, binti wa Jeni. Nilimwambia shikamoo nikiwa nimesimama wima. "Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ileile, bila kunikumbuka. Nilimpokea mtoto kwa furaha, na furaha ile haikuwa ya wema. Somo la kwanza nililompa ndilo nimpalo kila mtoto: simama kwenye alama yako mpaka isomwe, iwe ya kukupa au ya kukunyima, hata akipita askofu. Babu nilimwekea kiti karibu na kona.

Kiangazi hiki tulichezesha watoto, na wazazi wakajaa. Salome aliupiga mpira kwenye kona ile, na mzee akainuka akipaza sauti, "Imeingia! Imeingia!" Mtoto alivuka upande wa pili mbio, akainama, akatazama.

"Babu, imetoka. Njoo uone mwenyewe."

Mzee akaja polepole. Kiatu chake kilipokaribia alama, Salome alikiwekea raketi mbele.

"Usiikanyage, Babu."

Mzee aliitazama alama, akaitazama raketi, kisha akainua macho na kunitazama mimi kwa muda mrefu. Nikajua amenikumbuka. Nilikuwa nimeisubiri sura ile tangu nikiwa mtoto, na sikutaka ipite upesi. Nikamwendea mbele ya watu wote, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikamwambia shikamoo. Midomo yake ilichezacheza, lakini hakuitikia.