Chai ya Kuizeesha Picha

Juzi nilishuka Kibiti, nikaingia nyumba ya wageni kuulizia chumba. Ukutani pale mapokezi nikaiona. Picha ya mikoko, maji na anga kubwa, yote rangi ya udongo, utadhani imepigwa enzi za Mjerumani. Chini wameandika: Delta ya kale, kabla ya watu. Kabla ya watu! Nilishika meza nisije nikaing'oa na msumari wake.

Picha ile haina ukale wowote, ndugu yangu. Imepigwa kwetu Salale, humo humo kwenye delta, mimi nikiwa binti wa shule ya msingi, miaka ile ya ruksa, sukari iliporudi madukani na kila mwenye mkoba akaitwa mwekezaji. Na huo ukale wake umepikwa jikoni kwa bibi yangu.

Msimu huo tulihamia shambani kama kawaida kulinda mpunga. Tulikaa kwenye dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo, na kutwa tulipiga madebe na kupayuka, hoo! hoo! ndege wasishuke. Koo zilikauka, lakini jioni kulikuwa na pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado wa moto, na kamba wa nazi. Harufu ile nikiikumbuka, njaa inaniuma hata kama nimetoka kula.

Akaja mpiga picha wa kampuni iliyotaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba. Akaligeuzia dungu mgongo, akaelekeza kamera kwenye mikoko. "Hebu sogeeni kule, watoto. Na wewe, mama. Nataka mandhari tu." Bibi akasogea. Mgeni kasema, utabishana naye?

Aliporudi na picha zimeshasafishwa, nyeusi na nyeupe, akamwomba bibi sufuria ya chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari. Bibi akaguna. "Mgeni wangu anywe chungu, na sukari ipo? Si atanisema huko Dar kuwa nimemnyima!" Akamimina sukari kwa kiganja, kimyakimya. Kumbe yule bwana hanywi. Akaimwaga chai yote kwenye sinia, akalaza picha humo mpaka zikawa kahawia, kisha akazianika juani kwenye ungo wetu. Bibi akashika kidevu. "Makubwa haya! Picha nazo zinakunywa chai?" Sisimizi wakaja mbio. Jamaa akawapangusa huku anatukana, hajui wamefuata nini, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kicheko kiliisha kwenye mkutano wa kijiji. Mkubwa wa kampuni aliinua picha mojawapo mbele ya wakubwa wenzake wa mjini. "Tazameni wenyewe. Tangu enzi hizo eneo hili ni pori, halina mwenyewe." Bibi akasimama. "Na mimi niliyeambiwa nisogee, mimi ni nani?" Akaambiwa akae, asivuruge mkutano.

Shamba likaenda hivyo. Wakakata ukingo uliozuia bahari, maji ya chumvi yakaingia kwenye mpunga, halafu hata mabwawa yenyewe yakawashinda, wakaondoka zao. Bibi alifia hapa Kibiti, chumba cha kupanga, akinunua mchele wa kupimiwa dukani, mwanamke aliyezaliwa katikati ya mpunga! Dungu hakuna, pepeta hakuna, wale ndege sijui wanakula wapi. Sijasamehe, na nisiambiwe nisamehe.

Kijana wa mapokezi akaniona nimesogeza uso kwenye kioo cha picha. "Nzuri eeh, mama? Ya zamani sana hiyo. Mpaka ndege anaonekana." Akagusa kidoa cheusi angani.

"Washa tochi ya simu, mwanangu. Tazama vizuri."

Akatazama. Miguu ilionekana, hata kiuno.

"Ala! Sisimizi," akasema. "Sasa huyu alifuata nini huku?"

"Sukari ya bibi yangu," nikamwambia. "Futa hayo maandishi hapo chini. Kulikuwa na mtu."